UZI: Mtoto aliyebadilika tabia ghafla, lini tufikirie uvimbe wa ubongo?

#1 TabibuToto

Wakuu, habari zenu. Uzi huu ni kwa wazazi, walimu na wenzetu wa zahanati na vituo vya afya.

Niseme mapema ili mtu asikose usingizi bure: watoto walio wengi wenye utukutu, hasira, usahaulifu au uzito wa darasani hawana uvimbe wowote kichwani. Ugonjwa huu ni nadra. Ila katika nchi zinazotunza takwimu vizuri, uvimbe wa ubongo unashika nafasi ya pili kwa saratani za watoto, nyuma ya leukemia, saratani ya damu. Na katika dalili zake zote, tabia ndiyo rahisi kupuuzwa, maana kila mtu ana jibu lake tayari. Baba atasema mtoto amedekezwa, mwalimu atasema mvivu, jirani atasema kuna mkono wa mtu. Kila jibu likipewa wiki tatu za kujaribiwa, miezi inakatika.

Swali la kwanza siyo "mtoto ana tabia mbaya?" Swali ni "mtoto huyu ni yule yule wa miezi mitatu iliyopita?" Mtoto aliyekuwa mtundu tangu anatambaa, akafika miaka saba bado mtundu, kukua anakua, kukimbia anakimbia, macho yako sawa, huyo ana njia nyingine ya kutazamwa. Wa kushtukia ni yule aliyekuwa mchangamfu akawa mzito, au mpole akawa anapiga wenzake bila kuchokozwa, au alikuwa anavaa viatu mwenyewe na sasa anakaa navyo mkononi hajui aanzie wapi.

Swali la pili: kuna nini kwenye mwili kinachoambatana na mabadiliko hayo? Hapo ndipo kazi yote ilipo. Tabia peke yake mara chache ni uvimbe. Tabia iliyobadilika ikiandamana na kutapika alfajiri, kichwa kuuma, kengeza jipya, kuyumba, shingo kukaa upande, degedege bila homa, au ukuaji kusimama, hiyo ni safari ya hospitali wiki hii hii, haisubiri likizo ya shule.

Uingereza walianzisha kampeni ya HeadSmart mwaka 2011 kwa ajili ya jambo hili. Walitengeneza kadi za dalili kwa umri: chini ya miaka 5, miaka 5 hadi 11, na miaka 12 hadi 18. Mabadiliko ya tabia yamo kwenye kadi hizo. Hata huko kwenye mashine nyingi walikuwa wanachelewa kuugundua.

---

#2 MwalimuMaalumu

Asante daktari. Naomba kueleweshwa kitu kimoja kabla hatujaenda mbali. Kwa nini uvimbe mmoja unamfanya mtoto awe mkali, na mwingine unamfanya alale darasani?

---

#3 TabibuToto

Mwalimu, inategemea umekaa wapi na kama umeziba njia ya maji.

Ubongo una vyumba vya maji, na maji hayo yanatengenezwa mchana na usiku. Kwa watoto uvimbe mwingi unaota sehemu ya nyuma chini, kwenye serebelamu (ubongo mdogo unaoshika mizani ya mwili) na jirani zake, karibu kabisa na chumba cha nne ambako maji yanapita kutoka. Ukikua kidogo tu, njia inaziba, maji yanajaa juu, presha ya kichwa inapanda. Mtoto anakuwa mzito, mnung'unikaji, hataki kucheza, anasinzia. Akilala usiku kucha presha inaongezeka zaidi, kwanza kwa sababu amelala bapa, pili kwa sababu usingizini pumzi inapungua, kabonidioksidi inapanda kwenye damu na mishipa ya ubongo inatanuka. Ndiyo maana anaamka na kichwa kinamuuma, anatapika, halafu anapata nafuu. Saa mbili asubuhi anaomba chai na chapati kama hakuna kilichotokea. Nafuu hiyo ndiyo inayotudanganya. Anapewa dawa ya minyoo, ya malaria, ya vidonda vya tumbo, ya taifodi, na kila siku mchana anaonekana amepona.

Ukiwa sehemu ya mbele ya ubongo, breki zinalegea. Anasema maneno ambayo hakuwahi kuyasema, anacheka pasipo chekesho, anajikojolea bila kujali, au anapoa kabisa, ukimwambia "njoo" anaitikia na haendi. Ukiwa ubavuni, usawa wa sikio, angalia kifafa kisicho cha kuanguka: anakodoa macho, anatafunatafuna midomo, anachezea kola ya shati, hofu inamjia ghafla na kumkimbilia mama, kisha hakumbuki kitu.

Serebelamu nayo siyo ya mizani peke yake. Mwaka 1998 watafiti Jeremy Schmahmann na Janet Sherman walieleza hali ya wagonjwa wenye tatizo la serebelamu ambao mpangilio wa mawazo, lugha na hisia vyote viliyumba. Kwa hiyo uvimbe wa nyuma unaweza kuharibu tabia hata bila maji kujaa.

Chini katikati, kwenye haipothalamasi na jirani na tezi ya pituitari, ndiko kwenye njaa, kiu, usingizi, ukuaji na balehe. Mtoto anakunywa maji jagi zima, anaamka kukojoa mara tatu nne, urefu umesimama, na anagonga vitu vya pembeni kwa sababu uoni wa pande mbili unafinywa. Kraniofarinjioma, uvimbe unaoota hapo jirani na pituitari, huwa hivi. Mama anaona "mtoto mzembe anaangusha vikombe," kumbe kikombe hakukiona.

---

#4 mama_Nuru

Wakuu, hapo kwenye kucheka mmenigusa. Kuna mtoto wa dada yangu, miaka minne, anacheka ghafla hata akiwa usingizini. Familia wanasema anacheza na malaika. Ni la kutazamwa?

---

#5 TabibuToto

Dada, ni la kutazamwa, na ni vizuri umeuliza. Naomba lieleweke vizuri maana wengi hawajawahi kulisikia.

Kuna uvimbe unaoitwa hamatoma ya haipothalamasi. Mtoto anazaliwa nao, siyo saratani, na hausambai. Lakini unatoa kifafa cha kucheka. Kicheko chake hakina furaha: kinaanza ghafla, kinafanana kila mara, kinadumu sekunde chache mpaka kama nusu dakika, uso unaweza kuwa mwekundu au macho yakaganda, na huwezi kukikatisha kwa kumwita jina wala kumtekenya. Kikikatika, kinakatika kama taa iliyozimwa. Baadhi wanalia badala ya kucheka. Kadiri umri unavyokwenda, wengine wanapata hasira za kuvunja vitu, masomo yanashuka, na balehe inakuja mapema: kwa wasichana kabla ya miaka 8, kwa wavulana kabla ya miaka 9.

Kicheko cha usingizini kwa mtoto mchanga mara nyingi ni cha kawaida, usiogope. Cha miaka minne kinachojirudia kwa umbo lile lile, siku nyingi, mchana na usiku, kinatakiwa kurekodiwa kwa simu. Shika simu ikiwa imelazwa ubavu, washa taa, uso na mikono yote miwili vionekane, mwite jina mara mbili video ikiendelea. Daktari wa mishipa ya fahamu atafaidika zaidi na sekunde 20 za video kuliko maelezo ya saa nzima.

Na EEG, kipimo cha umeme wa ubongo, ikirudi safi isiwafunge mdomo. Hamatoma iko ndani sana, umeme wake hauonekani vizuri juu ya fuvu. Inatakiwa MRI, picha ya ubongo kwa mashine ya sumaku, na kwenye fomu iandikwe "angalia haipothalamasi, vipande vyembamba." Isipoandikwa, kavimbe kadogo kanaweza kurukwa.

---

#6 MwalimuMaalumu

Niongezee upande wa darasani, kwa sababu ushahidi mwingi uko shuleni na haufiki hospitali.

Chukueni daftari la mwezi wa kwanza na la mwezi huu, somo lile lile. Tazameni mwandiko. Herufi zilizokuwa zinakaa kwenye mstari sasa zinapanda na kushuka, maneno yanakuwa makubwa, mkono unatetemeka mwishoni mwa herufi. Hiyo haitokani na uvivu, maana mtoto mvivu anaandika kidogo lakini mwandiko wake haubadiliki. Pia kama mtoto ameanza kutumia mkono mwingine bila kulazimishwa, andikeni.

Akinakili ubaoni, angalieni kama anafumba jicho moja au anainamisha kichwa upande mmoja. Mtoto mdogo hasemi "naona viwili." Anageuza shingo mpaka picha mbili ziwe moja, basi. Tunamwambia kaa vizuri, anakaa vizuri nusu dakika, shingo inarudi.

Uwanjani: aliyekuwa anacheza kombolela sasa anakaa chini ya mti. Kwenye ngazi anashika ukuta. Yote haya mwalimu anayaona kabla ya mzazi. Mwalimu akiandika tarehe tu na kitu alichokiona, bila maoni, karatasi hiyo moja ina thamani kubwa. Na tafadhali, mtoto aliyebadilika asichapwe kabla hajapimwa.

---

#7 NesiWaZamu

Mwalimu amemaliza. Mimi niseme vipimo vya dakika kumi ambavyo havihitaji umeme, vifanyike zahanati kabla ya kuandika rufaa.

Mtembezeni kwenye mstari wa vigae au mvueni viatu mchore mstari kwa chaki, kisigino kigusane na vidole, hatua kumi kwenda na kurudi. Kuanzia miaka sita wengi wanaweza. Anayeangukia upande mmoja kila mara, andika upande gani. Asimame mguu mmoja, kisha mwingine. Aguse pua yake, halafu kidole chako, mara tano, ukikisogeza. Kidole kinachotetemeka zaidi kadiri kinavyokaribia ndicho cha kuandika.

Macho: shika kalamu, chora herufi H hewani, kichwa chake kisitembee. Jicho lisilogeuka kuelekea upande wa sikio linaweza kuwa presha ya kichwa, linaweza kuwa uvimbe kwenye shina la ubongo. Macho yasiyopanda juu yanatuambia kitu nyuma ya ubongo wa kati au maji yamejaa. Ziba jicho moja, hesabisha vidole, kisha ziba la pili. Wengi wanapima macho yote mawili kwa pamoja, na mtoto aliyepofuka jicho moja anapita.

Kwa walio chini ya miaka miwili, futi kamba kuzunguka kichwa, juu ya nyusi na juu ya kisogo palipotokeza, pima mara tatu uchukue kubwa. Kichwa kinaongezeka kama sm 2 kwa mwezi kwenye miezi mitatu ya kwanza, kisha sm 1, kisha nusu sentimita kutoka mwezi wa sita hadi mwaka. Kipimo kimoja hakisemi kitu. Kinachosema ni mstari unaokata mistari mingine kwenye chati. Gusa utosi mtoto akiwa amekaa na ametulia, siyo analia.

Na urefu! Kila mtu anapima uzito, urefu unaachwa.

Sasa rufaa. Ukiandika "mabadiliko ya tabia" peke yake, mtoto atapangiwa kliniki ya miezi miwili mbele. Andika hivi: "Miaka 7. Wiki 4 anatapika alfajiri bila kuhara. Wiki 2 anayumba upande wa kulia. Kengeza jipya jicho la kulia. Mwandiko umeharibika, daftari limeambatishwa. Naomba picha ya kichwa haraka." Anayesoma rufaa hiyo hawezi kuiweka chini ya rundo.

---

#8 kijana_wa_pwani

Nesi, kama daktari ametazama ndani ya macho kwa ile tochi akasema hakuna uvimbe wa neva ya jicho, si imetosha?

---

#9 NesiWaZamu

Haijatosha, mdogo wangu. Neva ikivimba, ni dharura. Isipovimba, haimaanishi kichwa ni salama. Kwa mtoto mdogo ambaye mifupa ya fuvu bado inaachia, presha inatanua kichwa kabla ya kuvimbisha neva. Na uvimbe usioziba maji hauvimbishi neva mpaka mwishoni.

---

#10 Picha_na_Mionzi

Nizungumzie picha, kwa sababu hapa ndipo pesa na muda vinapotelea.

MRI ndiyo bora, hasa kwa nyuma ya ubongo na shina lake. Kwenye CT, picha ya mionzi ya eksirei, mifupa minene ya pale chini inatupa vivuli, na uvimbe mdogo wa shina unaweza kujificha. Lakini, na naomba hili lisikike: mtoto anayesinzia na kutapika asisubirishwe MRI ya mkoa mwingine kama CT ipo karibu. CT inachukua dakika chache, haihitaji usingizi kwa wengi, na inaonyesha maji yaliyojaa na uvimbe mkubwa. Kwa kraniofarinjioma CT ina faida yake, inaonyesha chokaa iliyoganda. Kwa mchanga mwenye utosi wazi, altrasaundi ya utosini inaonyesha vyumba vya maji bila mionzi.

Maandalizi ya MRI: inachukua kama nusu saa hadi dakika 45, mashine inagonga kwa kelele, na mtoto akitikisika picha imekufa. Wadogo wengi wanahitaji dawa ya usingizi, kwa hiyo chakula na maziwa ya kopo visimame kwa muda wa saa 6 kabla ya kipimo, maziwa ya mama kwa muda wa saa 4, maji matupu mfuate atakavyosema mtu wa usingizi. Uji ni chakula. Wengi wanarudishwa nyumbani kwa sababu ya kikombe cha uji cha saa kumi na moja alfajiri. Vueni hereni, vibanio, shanga zenye waya, na hirizi yenye chuma ndani. Semeni kama mtoto ana kifaa chochote mwilini.

Ombeni picha yenye dawa ya kontrasti na isiyo nayo, na ombeni CD, msichukue karatasi ya majibu peke yake. Daktari wa upasuaji anataka kuziona picha zenyewe.

Kosa la hatari ambalo wenzetu wa wodini wanalijua: kutoa maji ya uti wa mgongo kabla ya picha kwa mtoto mwenye dalili za presha ya kichwa. Ukitoa maji chini wakati juu kuna uvimbe, ubongo unaweza kuteremka na kubana shina, na pumzi ikasimama.

---

#11 TabibuToto

Mkuu #10 asante sana. Nijazie: kila kitu kinachoonekana kama uvimbe siyo saratani, hasa huku kwetu. Tuberkuloma, yaani donge la kifua kikuu kwenye ubongo, inafanana. Neurosistiserkosisi, yaani vifuko vya minyoo ya tegu ya nguruwe kwenye ubongo, ipo kwenye maeneo ya wafugaji wa nguruwe, Mbulu ikiwa mojawapo, na inaleta kifafa na mabadiliko ya tabia. Jipu la ubongo kwa mtoto mwenye sikio linalotoa usaha la muda mrefu. Hivyo kwenye maelezo yenu tajeni kikohozi cha mtu wa nyumbani, sikio, nguruwe. Mtoto wa selimundu aliyeshuka darasani ghafla naye afikiriwe kiharusi cha kimyakimya.

Kwa hapa Tanzania upasuaji wa ubongo mwingi unafanyika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI. Tiba ya mionzi iko Taasisi ya Saratani Ocean Road. Kanda ya Ziwa wana hospitali ya Bugando, Kaskazini hospitali ya KCMC. Kenya kuna hospitali za Kenyatta na Kijabe. Uganda, hospitali ya CURE ya Mbale ina jina kubwa duniani kwa maji ya kichwa: hapo ndipo Benjamin Warf alipoendeleza njia ya kutoboa sakafu ya chumba cha tatu kwa kamera na kuunguza tishu inayotengeneza maji, ili mtoto asitegemee mrija maisha yote.

---

#12 mama_Nuru

Nimeelewa, Mungu awabariki. Nitampigia dada leo. Na swali la mwisho: mtoto ameshapasuliwa, amerudi nyumbani, tabia ndiyo imekuwa mbaya zaidi. Ugonjwa umerudi?

---

#13 MfamasiaWaKata

Dada, angalia dawa kwanza. Deksamethasoni inapunguza maji yanayovimbisha ubongo kuzunguka uvimbe, inaokoa, lakini inaleta njaa kali, hasira, na kukosa usingizi. Muulize daktari kama dozi ya mwisho inaweza kutolewa mchana badala ya usiku, hapo peke yake usingizi unaweza kurudi. Usiikate ghafla. Mwili unakuwa umeacha kutengeneza homoni yake, na mtoto anaweza kuzimia. Inapunguzwa kwa ngazi kwa ratiba iliyoandikwa.

Levetirasetamu, dawa ya kifafa, inawafanya baadhi ya watoto wakali ndani ya wiki chache za kwanza. Fenobabitoni, ambayo ndiyo imejaa kwenye zahanati zetu, inaweza kumfanya mtoto ahangaike kupita kiasi na awe mzito wa kujifunza. Zote zinaweza kubadilishwa na daktari. Ukiziacha mwenyewe, kifafa kinarudi kwa nguvu. Andika tarehe ya kuanza kila dawa na tarehe tabia ilipobadilika, ziweke sambamba kwenye karatasi moja.

---

#14 TabibuToto

Sahihi. Na baada ya upasuaji wa serebelamu kuna kitu kinawatisha sana wazazi: mtoto anaamka, anaongea siku moja mbili, kisha ananyamaza kabisa, analia kwa sauti nyembamba, hashiki kitu. Ni ububu wa serebelamu. Kwa medulloblastoma, saratani ya serebelamu, umeonekana kwa karibu robo ya watoto waliopasuliwa. Maneno hurudi kwa wiki au miezi, ingawa baadhi wanabaki na usemi wa polepole. Endeleeni kuongea naye, mpeni njia ya ndiyo na hapana kwa kufumba macho, na tiba ya viungo ianze hapo hapo kitandani.

Mwenye mrija wa kutoa maji kichwani kwenda tumboni: mrija unaweza kuziba siku yoyote, na hatari ni kubwa zaidi mwaka wa kwanza. Kuziba kwake siyo lazima kuanze na kutapika. Kunaweza kuanza na mtoto kuwa mkali, kusinzia mchana, kusahau njia ya kwenda chooni. Homa, wekundu kwenye njia ya mrija shingoni, au tumbo kuuma, ni maambukizi mpaka ithibitishwe vinginevyo. Bandikeni ndani ya jalada la daftari lake la kliniki: tarehe ya upasuaji, hospitali, aina ya valvu (kilango cha mrija), na CD ya picha ya mwisho wakati alipokuwa mzima. Kama valvu ni ya kurekebishwa kwa sumaku, ipimwe upya kila baada ya MRI, maana sumaku ya mashine inaweza kuihamisha.

Akisinzia kiasi kwamba haamki kwa kuitwa, au mboni moja ni kubwa kuliko nyingine, inueni kichwa cha kitanda kama nyuzi 30, shingo inyooke, msimpe kitu mdomoni, na gari liondoke sasa hivi. Kituo cha njiani kipigiwe simu mkiwa barabarani, na CD iwe mkononi mwa anayekaa na mtoto, isiwe kwenye buti la gari.

---

#15 MwalimuMaalumu

Akirudi shuleni, akae kiti cha mbele upande ule jicho lake zima linakoona ubao, mtihani apewe muda wa ziada, na maelekezo yatolewe moja moja. Mkimwambia "toa daftari, andika tarehe, fungua ukurasa wa 12," atafanya la kwanza tu. Siyo mkaidi. Akishamaliza la kwanza, mwambieni la pili.